Picha ya Siku ya Kawaida, Hamburg na Tanga

Hapa Hamburg watu hupiga picha vitu ambavyo Tanga ungeulizwa kama uko sawa. Kiti kitupu kwenye kituo cha treni. Mvuke unaopanda kutoka kwenye kikombe. Matone ya mvua kwenye dirisha la basi, na ndani ya kila tone taa za barabarani zimepinduka juu chini. Wanaofanya hivyo hawali kwa kamera. Ni wauguzi, mafundi bomba, walimu wastaafu, na wana klabu zao za picha ambako hukutana jioni kuonyeshana walichokiona. Katika klabu ninayohudhuria nimewasikiliza watu wazima wakijadili kivuli cha ngazi, kwa nini kinapendeza kikiangukia upande huu na si ule. Nilivutiwa sana. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuipa siku ya kawaida heshima ya namna ile.

Kwetu picha ina siku yake: harusi, mahafali, Idi, ubatizo, mgeni aliyetoka mbali. Mpiga picha alikuja, akatupanga wafupi mbele warefu nyuma, akasema "msicheke", halafu tukangoja mpaka akasafishe. Au watu walikwenda studio. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwambao mzima ulikuwa na studio za aina hiyo. Mtu alioga, akapaka mafuta, akavaa nguo bora aliyonayo au aliyoazima, akasimama mbele ya pazia lililochorwa. Picha ile ilikuwa ushahidi kwamba fulani yupo na hali yake ni njema.

Ndiyo maana nilipofika kwa shangazi yangu, Ngamiani mjini Tanga, nikamkuta uani amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nikainua kamera, alinikatalia.

"Ngoja nikavae."

"Shangazi, mimi nataka hivi hivi."

"Hivi hivi na jasho? Wakiniona huko watasema nina mtoto Ulaya na bado ninateseka."

Neno lile nimelifikiria sana, na naona alikuwa na haki. Kwake picha haiishii kwenye jicho la anayepiga. Inasafiri, inaonwa na watu, inazungumza kwa niaba yake na yeye hayupo pale kujieleza.

Wajerumani nao wamelifikia jambo hilo, ila kwa njia ya sheria, na historia yake imeanzia hapahapa karibu. Julai 1898 Otto von Bismarck, kansela wa zamani wa Ujerumani, alifariki nyumbani kwake Friedrichsruh, nje kidogo ya Hamburg. Saa chache baadaye wapiga picha wawili walipenya hadi chumbani kwake wakampiga picha maiti. Walifungwa, mahakama ikazuia picha zisisambazwe, na mjadala ule ukachangia kuzaa sheria ya mwaka 1907 ambayo hadi leo inasema picha ya mtu haitangazwi bila idhini yake. Akifa, ndugu zake wanaishika haki hiyo kwa miaka 10. Ipo misamaha, kama vile maandamano, au mtu aliyetokea tu pembeni mwa mandhari. Lakini wanachama wenzangu hawapendi kujaribu bahati. Wanapiga migongo, miamvuli, vivuli, mikono. Picha zao ni nzuri kweli, ila jioni nzima inaweza kupita kwenye skrini bila uso hata mmoja.

Na hapa kuna jambo linaloniuma. Serikali ya Bismarck huyohuyo ndiyo iliyotoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya kikoloni ya Carl Peters mwaka 1885, ukaanza utawala wa Wajerumani kwetu. Wakati nchi yao inaulinda uso wa marehemu wao, nyuso za watu wetu zilikuwa zinauzwa kwenye postikadi. Chuo Kikuu cha Frankfurt kinatunza hifadhi kubwa ya picha za enzi hizo, na mtu anaweza kuzitazama mtandaoni. Utaona mama amebeba maji, mzee ameketi barazani, mtoto anacheka, siku za kawaida kabisa. Lakini maelezo ya nyingi kati ya hizo yanataja kabila tu. Jina la mtu halipo, na hakuna anayejua kama aliulizwa. Nikiziangalia namuelewa zaidi shangazi. Leo Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina sheria yake ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022. Ni jambo jema, lakini shangazi hakuhitaji kuzisubiri.

Tofauti nyingine ni mwanga, na hii ningependa kila mwenye simu aijue. Hamburg mwezi Desemba, jua la saa sita mchana halifiki hata nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, na karibu saa kumi jioni linazama. Siku likitoka, mwanga wake unakuja kwa ubavu mchana kutwa na kila kitu kinapata kivuli kirefu. Hata kiti kitupu kinapendeza. Tanga, nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri linakusimamia utosini: macho yanageuka mashimo meusi, ukuta wa chokaa unang'aa mpaka unafuta kila kitu. Mtu akipiga picha saa saba, akaona imekuwa mbaya, anadhani mtaa wake hauna uzuri.

Uzuri upo, tena mwingi. Toka kabla ya saa mbili asubuhi, au ngoja saa kumi na nusu. Kati ya hapo ingia barazani, ambako mwanga unagonga mchanga wa nje kisha unarudi ndani ukiwa umepoa. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu ili kamera ipime pale na isipime ukuta mweupe nyuma yake. Na kosa si la mwanga tu: kwa miongo mingi filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyeusi ikatoka bila umbo. Kama kwenye albamu ya nyumbani babu anaonekana macho na meno tu, kasoro haikuwa ngozi yake.

Kwenye kivuli cha baraza moja ya Tanga nilimkuta muuza machungwa ya Muheza. Alikuwa anamenya kwa kisu kidogo, chungwa likizunguka mkononi, ganda likishuka kama utepe mmoja mwembamba usiokatika, na mwanga ukipita ndani yake ukawa kijani kibichi. Nilimuomba. "Nipige nikimenya," alisema, "ila unitumie." Nikamtumia palepale, naye akawatumia wateja wake.

Shangazi naye, siku ile ya nazi, alikwenda akavaa kanga mpya, akasimama mlangoni, nikampiga picha aliyoitaka. Kisha, akiwa bado amevaa kanga ileile, alirudi kwenye nazi yake maana tui lilikuwa linangojewa, akaniruhusu niendelee. Nilimuonyesha zote. Ya mlangoni alitaka ikae ukutani. Ile ya nazi, mikono yake imejaa chicha na anacheka na mtu wa jirani, aliipenda lakini akasema ibaki ndani ya familia. Ndiyo maana huioni hapa.

Mnaokwenda nyumbani mwisho wa mwaka, nawaomba hivi. Muulizeni mama, baba au bibi kama mnaweza kumpiga picha siku isiyo na sherehe, kwenye kazi yake. Akikubali, msiiache kwenye simu. Ipelekeni studio ikasafishwe, andikeni nyuma jina lake kamili, mahali na tarehe, na mumkabidhi mkononi kabla hamjapanda ndege.