Baiskeli Mbili Nyuma ya Jipu: Safari Yetu ya Uvira Hadi Mboko

Wengi wenu mlituuliza sokoni: "Kile chuma kilichokuwa nyuma ya jipu ni kitu gani? Na mbona zilienda baiskeli mbili tu, wakati tulichangia nne?" Leo tunajibu maswali yote mawili. Kwa kuwa sisi tuliotumwa ni walimu, mtatuvumilia tukieleza polepole kama tuko mbele ya ubao.

Anayekaa Uvira haachi kuona baiskeli, au kinga kama wazee wetu wanavyosema. Mji wetu ni mrefu na mwembamba. Magharibi kuna milima ya Mitumba, mashariki kuna ziwa, na katikati inapita barabara ya kitaifa namba 5, toka Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi mpaka Kalundu penye bandari. Katika barabara hiyo baiskeli inabeba mihogo, makaa, bidoni za mawese, mtoto wa shule, na siku nyingine mgonjwa. Lakini baiskeli nayo inafika siku ya kubebwa. Ikinunuliwa mjini na mwenyewe akiwa kijijini, lazima ipande juu ya gari au nyuma ya gari. Hapo ndipo tulipopata somo letu.

Mnakumbuka kwamba kwa miezi kumi tulicheza likelemba ili wenzetu wanne wa Mboko wapate baiskeli za kupeleka mawese na mihogo sokoni. Tulizinunua hapa Uvira, zile nzito za chuma zenye magurudumu makubwa. Tukaamua kupeleka moja kwanza, ya mama mmoja mjane, ili tuone njia ilivyo. Tuliifunga nyuma ya basi dogo la abiria kwa kauchu, yaani kamba za mpira wa ndani wa gurudumu, kama kila mtu anavyofanya. Kijana aliyefunga alivuta mara tatu, akapiga kofi juu ya kiti, akasema, "Iko sawa, mama."

Haikuwa sawa. Tulipopita Kalundu mashimo yakaanza. Kauchu ni mpira, na mpira hunyooka. Kila shimo lilipoirusha baiskeli, kamba ilinyooka kidogo, na kila iliponyooka, baiskeli ilipata nafasi ya kuruka zaidi. Kabla ya kufika Makobola tulisikia chuma kikikwaruza chini. Gari liliposimama, baiskeli ilikuwa inaburutwa kwa kamba moja iliyobaki. Rimu ya mbele ilijikunja kama namba nane, na uma wake ulipinda. Tukamgeukia shoferi. Akasema, "Wamama, mimi nililipwa kubeba watu. Mzigo ni wa mwenyewe." Tulikasirika, lakini hatukuwa na jibu, maana kabla ya kuondoka hatukuwa tumeulizana ni nani atakayejibu mzigo ukiharibika.

Tuliirudisha Uvira. Mama yule alikaa majuma saba akingoja uma na rimu mpya. Wengine kati yetu walisema, "Ni baiskeli tu, itatengenezwa." Ndiyo, ilitengenezwa. Lakini katika majuma hayo saba alibeba mihogo kichwani, akafikisha sokoni robo ya alichokuwa ametumaini, na binti yake wa sekondari alirudishwa nyumbani kwa sababu ya minerval. Kwa mwenye gari, kamba iliyolegea ni aibu ya siku moja. Kwa mama yule ilikuwa karibu muhula mzima wa mtoto wake. Ndiyo sababu tukaahidi kwamba hazitaondoka tena mpaka tujue vizuri namna ya kuzibeba.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni juu ya gari, kwenye galeri. Ni njia nzuri kwa magunia, lakini baiskeli ya kilo zaidi ya 20 kuiinua juu ya vichwa si kazi nyepesi, na gari lenye uzito mwingi juu huyumba kwenye barabara iliyoinama. Ya pili ni kile kibebeo cha mikanda kinachoning'inizwa kwenye mlango wa nyuma. Kinafaa baiskeli nyepesi na lami nzuri. Kwa baiskeli zetu bati la mlango lingebonyea, na mikanda ingelegea kama kauchu yetu. Ya tatu ni kibebeo kinachoshikwa na chuma cha kuvutia remoroki, kile chenye kichwa cha duara chini ya gari nyuma. Chuma hicho kimefungwa kwenye mifupa ya gari, si kwenye bati. Pia kiko chini, hata mama mfupi anaweza kupandisha baiskeli bila kuita vijana.

Bahati ilikuwa kwamba mume wa mwenzetu mmoja ana jipu yenye chuma hicho, na shemeji yake aliyeko Ulaya alikuwa amemletea kibebeo ambacho hakijatumika. Tulifurahi, tukadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Kwanza tulipima kama kinaingia. Vichwa vya remoroki vya Ulaya vina upana wa milimita 50, na kibebeo kilitengenezwa kwa kipimo hicho, kwa hiyo kilishika vizuri. Tunalisema hili kwa sababu wengi wetu tuna ndugu Marekani. Huko vibebeo vingi huingizwa ndani ya tundu la mraba, la inchi 2 au la inchi 1 na robo. Ukiletewa cha huko na gari lako lina kichwa cha duara, utakuwa na chuma kizuri cha kuanikia nguo. Kabla ndugu hajanunua, mtumie picha ya sehemu ya nyuma ya gari pamoja na vipimo.

Pili, tuliona kwamba kibebeo kina mikono miwili inayoshika bomba la juu la baiskeli, lile linalotoka chini ya kiti mpaka kwenye usukani. Lakini baiskeli mbili kati ya nne ni za kike, zisizo na bomba hilo, ili mama aliyevaa kitenge apande kwa heshima. Zingeshikwa wapi? Fundi wa kuchomelea vyuma wa kartiye yetu alitukatia kipande cha bomba chenye vibano pande zote mbili. Kinabanwa kwenye nguzo ya kiti na shingo ya usukani wakati wa safari, kisha kinaondolewa. Alikivika mpira mahali kinapogusa rangi.

Tatu ni uzito, na hapa tulibishana sana. Kwenye chuma cha jipu kuna kibao kidogo kilichogongwa herufi S na namba 75. Namba hiyo ni kilo zinazoruhusiwa kukandamiza kichwa kile kutoka juu. Si uzito wa remoroki inayovutwa, ule ni mkubwa zaidi. Tuliazima mizani ya kupimia magunia, tukaning'iniza kila kitu. Kibebeo peke yake kilikuwa na kilo 17, na kila baiskeli kilo 22. Kwa baiskeli mbili tunapata 44, na 17 ni 61. Kwa tatu tunapata 66, na 17 ni 83. Kibebeo kina nafasi ya baiskeli tatu, lakini chuma cha jipu hakiruhusu tatu.

Shoferi alisema, "Wekeni ya tatu, nitaenda polepole." Sisi tulijibu kwa ndoo ya maji. Tulimwomba aishike karibu na kifua, akaishika bila shida. Kisha tukamwambia anyooshe mikono mbele. Baada ya muda mfupi mikono ikaanza kutetemeka, na maji hayakuwa yameongezeka. Ni somo la nyenzo tulilojifunza ISP na tunalofundisha kila mwaka. Mzigo unavyokwenda mbali na mahali unaposhikiliwa, ndivyo unavyovunja zaidi. Baiskeli ya tatu ndiyo iliyokuwa mbali kuliko zote. Tena shimo huzidisha uzito, maana mzigo huruka na kuanguka, wala namba ya kwenye kibao haikuandikwa kwa barabara ya Makobola.

Basi ziende mbili, lakini za nani? Hapo palikuwa na maneno, hatuwafichi. Kila mmoja alikuwa amengoja vile vile. Mwishoni wenzetu wa Mboko wenyewe walikubali kwa simu kwamba ya mjane itangulie, na ya pili ipatikane kwa kura.

Tuliondoka jumamosi, kabla jua halijatoka upande wa Burundi. Kabla ya kuwasha gari tulifunga mambo manne. Kauchu tuliiacha nyumbani, tukatumia mikanda isiyonyooka yenye vibano. Magurudumu ya mbele tuliyafunga yasizunguke wala kupiga jipu. Tuliangalia moshi wa gari unatokea wapi, tukainua baiskeli ya chini ili tairi isiungue. Na kwa kuwa baiskeli ziliziba namba ya gari na taa, tuliandika namba ileile kwenye ubao, tukaufunga nyuma pamoja na kitambaa chekundu, ili polisi wa rulaji wasipate sababu, na wa nyuma wetu wasitugonge.

Tulivuka mto Mulongwe, ambao hakuna anayeupita bila kukumbuka usiku ule wa Aprili 2020 ulipofurika na kubeba nyumba na watu. Huko Kalundu tuliona mitumbwi ya wavuvi ikirudi na ndakala, na wamama wakiwangoja na mabeseni. Tulisimama hapo kama tulivyopanga, tukashika kila mkanda kwa mkono. Mmoja ulikuwa umelegea upana wa kidole. Tukaukaza.

Baada ya Kalundu mlima na ziwa vinakaribiana mpaka barabara inabaki kama mstari kati yao. Ukielekea kusini, ziwa liko kushoto, limetulia asubuhi, na ng'ambo yake milima ya Burundi ni ya bluu. Tunawaambia wanafunzi kwamba Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi, na kwamba kina chake kinafika kama mita 1,470. Lakini ukiwa ndani ya gari linaloyumba, unachokiona ni kwamba ukingo uko karibu na gurudumu. Mmoja wetu alikaa kinyume, anaangalia nyuma tu. Kazi yake ilikuwa kusema "polepole" kila baiskeli zilipoanza kucheza, na shoferi, tunamshukuru, alimsikiliza.

Pale ilipoharibika baiskeli mara ya kwanza, karibu na Makobola, tulishuka wote. Kuna kijito kinachokata barabara, na gari likiinua pua kupanda ng'ambo, nyuma yake hushuka. Tulipiga magoti kuangalia. Magurudumu yalikuwa yamebakiza kipimo cha shubiri moja kutoka chini. Tuliondoa mawe mawili makubwa, tukatangulia kwa miguu, jipu ikafuata. Haikugusa. Tulikaza mikanda tena hapo, na tena Swima. Michikichi ilipozidi kuonekana kando ya njia, tulijua Mboko si mbali.

Mama mjane alikuwa barabarani. Hakutusalimia kwanza. Alizunguka nyuma ya jipu, akazungusha gurudumu la mbele kwa kidole, akalitazama kama linakwenda sawa. Lilikwenda sawa. Ndipo akasema, "Karibuni, walimu. Bugali iko tayari." Tulikula sombe na samaki, na kabla hatujanawa mikono, baiskeli ilikuwa imekwisha kwenda kuchukua bidoni mbili za mawese.

Baiskeli mbili zilizobaki zitaenda jipu itakapopata safari nyingine, na jina la atakayeongozana nazo litatangazwa hapa. Gharama ya uma na rimu tumeilipa kutoka sanduku letu, wala haitadaiwa kwa mwenyewe. Hilo lilikubaliwa katika mkutano. Kuanzia sasa, mzigo wa memba ukipakiwa kwenye gari lolote, makubaliano yaandikwe kabla, hata mistari mitatu: mzigo gani, wa nani, na nani atajibu ukiharibika.

Kwa jamaa yoyote inayotaka kununua kibebeo cha namna hii, shauri letu ni fupi. Usianze kwa kuuliza kinabeba baiskeli ngapi. Anza kwa kusoma kibao cha gari lako, upime baiskeli zako kwa mizani, halafu uikumbuke barabara utakayopita. Kipande cha bomba na mikanda viko kwa mweka sanduku. Memba anayevihitaji aviombe, na akishatumia avirudishe.