Volti za Jioni

Jumanne, 8 Aprili 2025
Shule zimefungwa, sasa nina nafasi ya kupima jambo lililonisumbua muhula mzima. Saa nne asubuhi, kwa jirani aliye karibu na transfoma, kipimavolti kilisoma 240. Kwa mama wa saluni kule chini laini inapoishia, mwendo wa kama mita 600, kilisoma 232. Saa moja u nusu jioni nikarudia: juu 236, chini 198.

"Mwalimu, saa hizi draya inapuliza upepo tu," mama akasema.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimeketi na zile namba. Asubuhi zilipotea volti 8 njiani, jioni 38. Waya ni uleule na urefu ni uleule, kwa hivyo mkondo umekua karibu mara tano. Lakini joto linalotoka kwenye waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe: limekua zaidi ya mara 20. Hapo ndipo uchungu ulipo. Kijiji kikiwasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja, hasara haipandi sawia na matumizi, inaruka.

Volti 38 kati ya 236 ni asilimia 16. Stima inayokwenda hadi nyumba ya mwisho hupungukiwa kiasi hicho kabla ya kumfikia mama. Haipiti kwenye mita yake, kwa kuwa mita iko nyumbani kwake, mwisho wa safari. Tokeni zake hazionyeshi lolote. Ila kuna anayelipa: bei inayoidhinishwa na EPRA, mdhibiti wa kawi nchini, hubeba hasara ya mtandao hadi kiwango kilichowekwa, na Wakenya wote huigawana.

Friji la duka la jirani wa mama nalo linaongeza mzigo. Mota ikipewa volti chache huvuta mkondo zaidi ili ifanye kazi ileile, na mkondo huo unazidi kupasha waya moto.

Jumapili, 13 Aprili
Baada ya misa kijana wa kidato cha tatu ameniuliza kwa nini nguzo za chuma zinazoleta stima Kisii kutoka Chemosit ni ndefu hivyo. Nikamwambia kwa sababu waya zake zina kilovolti 132, lazima zikae mbali na watu na miti. Tukapiga hesabu papo hapo tukitumia kituo cha umeme cha Sondu Miriu, megawati 60. Kwa kilovolti 132, mkondo ni takriban ampea 260. Kwa kilovolti 33 ungekuwa mara nne, na joto katika waya uleule mara 16.

Nikamtajia laini ya Ethiopia, kilovolti 500, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, inayotuletea umeme tangu 2022. Inavuka zaidi ya kilomita 1,000, na kwa asilimia inapoteza kidogo kuliko mita 600 za kwetu saa moja u nusu jioni. Alinitazama kama niliyemdanganya. Nimefurahi alivyokataa kuamini mpaka akaihesabu mwenyewe.

Jumamosi, 19 Aprili
Kesho Pasaka. Mashine ya kusaga imenguruma tangu alfajiri. Mvua mchana.

Mzee mwenye mashine anashikilia kuwa wanaopunguza volti ni wezi. "Mwalimu, kuna watu wamejiunganisha usiku." Nikamjibu, "Omogaka, wezi wapo, na wanahesabiwa humo humo kwenye hasara." Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 karibu asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power haikufika kwenye bili, wizi na joto vikiwa pamoja. Lakini waya mrefu mwembamba hupoteza hata kijiji kikiwa cha waaminifu watupu. Tukiwasaka wezi peke yao, saluni itabaki na volti 198.

Jumatano, 23 Aprili
Nimetembea laini yote. Kuna matawi ya mikaratusi yanayogusa waya, na viungo viwili vilivyoungua hadi kuwa vyeusi. Nyumba nyingi za chini zimening'inizwa kwenye fesi moja, nyingine mbili zikipumzika.

Mpango wa Last Mile wa kuwaunganishia watu stima, ulioanza 2015, uliwalenga walio ndani ya mita 600 za transfoma, kwa shilingi 15,000 badala ya 35,000. Ulikuwa uamuzi mwema, na mama asingekuwa na saluni bila huo. Ila mita 600 zinazotosha taa chache hazitoshi pasi, friji na draya. Kijiji kimekua, laini haijakua.

Dawa ya kwanza ni rahisi: nyumba zigawanywe kwenye fesi zote tatu. Ya pili ni transfoma kusogezwa katikati. Nyumba zikiwa zimetawanyika sawasawa, kila upande utabeba nusu ya mkondo kwa nusu ya urefu, na joto lote litashuka hadi robo.

Nimeandika barua, vipimo vyote vikiwa na saa na tarehe. Ijumaa nitaipeleka kwa chifu pamoja na sahihi za watu wa chini.