Minara Miwili

Mke wangu ana presha ya macho. Daktari alipomwambia kuwa nuru iliyokwisha kupotea hairudi, hakulia, alitaka kamera.

Tulianzia Forodhani, asubuhi na mapema. Mbele ya Beit al-Ajaib hapana tena mnara wa taa. Ule wa zamani uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Akapiga picha pale patupu. Nikamuuliza anapiga nini.

"Hapa, bwana, mimi na wewe tunaona sawasawa."

Kisha mashua ya Mbweni ikatuvusha hadi Chumbe. Mnara wake, uliojengwa mwaka 1904, una vidato 131. Mimi (magoti yangu si ya kusifiwa) niliomba kupumzika mara tatu. Yeye alipanda akipapasa ukuta, hasemi neno. Kule juu bahari ilikuwa na rangi ambayo miaka yangu yote ya kutafsiri mashairi haijanipatia jina lake.

"Unguja iko wapi?"

Nikamshika bega, nikamgeuza taratibu. Akabonyeza.

Picha imekwenda upande, na nusu yake ni kiwiko changu. Nilitaka kuipunguza, amekataa.