Laptopu Yangu Ilikuwa Inapanda Mat Isiyo na Dereva

Wasee, kwa wiki mbili nilikuwa nachomeka na kuchomoa kebo kutwa nzima. Studio ninayofanyia kazi iko Kamakwa, hapa Nyeri, na klipu zetu zote zinakaa kwenye seva ndogo pale kwa kona. Seva inafikiwa kwa kebo. Intaneti inatoka kwa waifai ya jengo. Nikichomeka kebo, seva inafunguka lakini intaneti inakufa. Nikichomoa, intaneti inafufuka, seva inapotea.

Halafu ikaja vidio ya ruracio ya Othaya. Mteja aliitaka kabla ya saa mbili usiku. Ilimfikia saa nne. Bosi hakupiga kelele, alisema tu, "Ungemaliza chuo ungekuwa unajua hii kitu." Niliacha chuo mwaka wa pili na hiyo sindano nimeizoea, lakini siku hiyo iliingia.

Sikuenda nyumbani. Nilibaki na laptopu yangu ya Debian, kebo ikiwa ndani, nikaandika `ip route`. Zikatokea laini mbili zinazoanza na neno default, yaani "kama hujui pa kupitia, pita hapa." Moja ilikuwa ya kebo, mwisho wake metric 100. Nyingine ya waifai, metric 600.

Fikiria steji. Mat iliyo mbele kwa laini ndiyo hujaza kwanza, hata kama dereva ameenda kunywa chai. Kwa Linux, namba ndogo ndiyo iko mbele. Kebo ilikuwa mbele na haikuwa inaenda popote, maana ile ruta ya seva haina intaneti. Abiria wangu wote walikuwa wamekaa ndani wakingoja, na ile ya 600 iko nyuma na injini inanguruma.

Nikafuta ile laini ya kebo kwa `ip route del`. Intaneti ikaja, seva ikabaki. Nililala kama mfalme. Asubuhi nikachomeka kebo tena, laini ikarudi kama haijawahi kufutwa. Kumbe ukifuta hivyo unafuta ya leo tu. Programu inayosimamia mitandao, NetworkManager, ina kumbukumbu yake, na hapo ndipo inafaa kuambiwa. Nikaiambia: kebo isiwahi kuwa njia ya kila kitu, itumike kwa seva peke yake. Mpangilio wenyewe unaitwa `ipv4.never-default`, unauweka yes.

Ijumaa nikashuka Karatina kwa cucu. Kule natumia kebo pia, kwa sababu nyumba ni ya mawe na waifai haivuki ukuta. Nachomeka, hakuna intaneti. Nikawapigia watu wa intaneti, nikawakemea vizuri sana. Cucu akaniuliza, "Kwani hukulipa?" Nililipa. Nilikuwa nimeiambia laptopu kebo isiwahi kuwa njia kuu, nayo ikatii. Haikujua kama hii kebo ni ya Karatina ama ya Kamakwa. Kwake kebo ni kebo.

Hiyo simu bado inaniaibisha.

Dawa ilikuwa kutengeneza miunganisho miwili ya kebo ileile. Mmoja nikauita ofisi, mwingine nyumbani. Ile ya ofisi ndiyo ina never-default, ya nyumbani niliiacha kawaida. Nikifika Kamakwa naandika `nmcli connection up ofisi`, nikifika kwa cucu naandika `nmcli connection up nyumbani`. Ni sekunde mbili. Ukisahau utajua tu, usianze kupigia watu.

Juzi bosi ameniletea laptopu yake mpya, nayo ni Debian, na inasumbua vilevile akichomeka kebo. Nimemwambia aiweke hapo mezani, nitaiangalia nikimaliza kupakia.