Macho Hayangoji: Safari ya Embu na Meru
Baada ya Sala ya Alfajiri tuliondoka Embu, Mlima Kenya ukiwa kushoto kwetu. Tulipopita Chuka, macho yalimuuma dada yetu ghafla, akaona ukungu, na kila taa ina duara. Akasema ni kipandauso chake, atastahimili. Tukakumbuka: alikuwa wiki ya pili akitumia topirameti. Dawa hiyo, kwa nadra, hupandisha presha ya macho, hasa mwezi wa kwanza; asipowahiwa, mtu huweza kupofuka. Meru tulitangulia kwa daktari wa macho, dawa mkononi, kabla ya kwenda kwa wenyeji wetu. Alhamdulillahi, aliwahiwa. Kina mama, subira ni ibada. Lakini maumivu ya ghafla ya macho hayalaliwi.