Msuli Chini ya Msuli

Kwa watu wa pwani neno msuli lina maana mbili: nyama inayovuta mfupa, na nguo anayojifunga mwanamume kutoka kiunoni hadi karibu na vifundo vya miguu. Msuli wa pili huuficha wa kwanza, na hapo ndipo ilipoanzia tabia ya kuchagua sehemu za mwili za kufanyia mazoezi. Kinachoonekana hupewa vyuma, kinachofunikwa huachwa. Kifua na mashavu ya mikono hujaza fulana hata mtu akiwa amekaa tu kijiweni, ilhali mapaja na mgongo havina mtazamaji.

Katika jimu za mtaani za Dar es Salaam au Mombasa, vifaa navyo huchochea tabia hiyo. Bomba la chuma lenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji kila upande, gia kuukuu za lori na benchi la mbao: hivyo vinatosha kujenga kifua. Kuchuchumaa na uzito mkubwa mabegani ni habari nyingine, kwa sababu lazima pawe na stendi imara ya kupokea chuma miguu ikishindwa, na stendi hiyo inataka mchomeleaji na fedha. Ndiyo maana baunsa anayeziba mlango kwa mabega huweza kuonekana kana kwamba ameazima miguu ya mdogo wake.

Hata hivyo miguu hiyo si lazima iwe dhaifu. Dumu la lita 20 za maji lina uzito wa kilo 20, mfuko wa saruji kilo 50, na mbebaji hutumia mapaja na mgongo apende asipende. Jembe na mchi hufanyisha kazi mgongo na mabega. Choo cha shimo humchuchumaza kila mtu mpaka chini, mzee kwa kijana. Mafiga na mbuzi ya kukunia nazi humshusha mpishi karibu na ardhi mara nyingi kwa siku. Hakuna anayeyaita hayo mazoezi, lakini ndiyo yanayoushughulikia mwili chini ya kifua. Benchi huwa nyongeza tu.

Ughaibuni nyongeza hiyo hubaki peke yake. Maji yako jikoni, lifti iko mlangoni, choo ni cha kukalia, na kazi ya ofisini ni ya kiti kutwa. Anayehamia London au Toronto na ratiba yake ileile ya kifua na mikono huwa ameacha nyuma nusu ya mazoezi yake bila kujua kwamba alikuwa nayo. Cha kushangaza, stendi za kuchuchumalia na mashine za miguu alizozikosa nyumbani sasa zimejaa ukumbi mzima, na bado benchi ndilo lenye foleni. Karani wa Nairobi au Dar es Salaam anayepanda bodaboda kila asubuhi naye yumo katika hali hiyohiyo, hakuhitaji viza.

Wenyeji wa ughaibuni nao wana msuli wao wa nguo. Mwaka 1901 mtunisha misuli Eugen Sandow alipoandaa shindano la maumbile katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, usawa wa ukuaji wa mwili mzima ulikuwa miongoni mwa vigezo vya waamuzi. Mwaka 2013 mashindano ya kutunisha misuli ya Olympia huko Marekani yaliongeza kundi la wanaume wanaopanda jukwaani wakiwa wamevaa kaptura pana, na paja likawa limetolewa kwenye hukumu. Kwa mshindani anayelipwa kwa kuonekana, uamuzi huo una hesabu yake. Kwa mtu wa kawaida hauna.

Kwa wanawake ramani hubadilika. Mtaani Dar es Salaam guu la bia, yaani kigimbi kilichojaa kama chupa, husifiwa waziwazi, na shepu ya nyonga na makalio ndiyo inayowapeleka wengi jimu. Kinachokwepwa ni mikono na mabega, kwa hofu ya kuwa na mwili wa kiume. Katika jimu za Ulaya na Marekani wapo wanaotaka makalio lakini hawataki mapaja ya mbele yanenepe, wala misuli ya ubavu ipanue kiuno. Mguu uliojaa unaoogopwa Los Angeles ndio unaoombwa Tandale, Dar es Salaam. Hofu ya mwili wa kiume, kwa vyovyote, imetiwa chumvi: mwanamume mzima huwa na homoni ya testosteroni mara kumi na zaidi ya mwanamke, na hata yeye hutoka jasho kwa miaka kabla mabega hayajatanuka.

Mwili wenyewe haujui kioo. Misuli mingi hukaa ikikabiliana kwenye kiungo, mmoja ukikunja na mwingine ukikunjua. Mwanasoka akiimarisha paja la mbele na kusahau la nyuma, msuli wa nyuma ndio unaoweza kuchanika anapokimbia kwa kasi. Zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele polepole, vifundo vikiwa vimeshikwa, hupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu. Misuli ya miguu na makalio ndiyo mikubwa kuliko yote, kwa hiyo ni ghala kuu la sukari inayotoka kwenye damu baada ya mlo, jambo lisilo dogo kwa familia zenye kisukari. Ndiyo pia inayomwinua mzee kitini, na kuanzia miaka ya thelathini mtu asiyeitumia huipoteza kidogokidogo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima waimarishe makundi yote makubwa ya misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa, kuinua kitu kutoka chini na kutembea na mzigo: mienendo hiyo mitano hugusa karibu kila kitu, na madumu mawili ya maji yanatosha kuanzia.

Asiyetaka msuli fulani ukue ana njia bora kuliko kuukwepa. Ukubwa hufuata wingi wa kazi. Nguvu hufuata zaidi uzito unaoinuliwa. Seti chache za uzito mkubwa, zenye mapumziko marefu katikati, huongeza nguvu bila kunenepesha sana, na msuli ukishajengeka, zamu moja kwa wiki yenye uzito uleule huutunza kwa miezi. Paja lililotunzwa hivyo halizidi upana wa suruali yake, na ngazi linapanda.