Je, Gemu Ndefu Ndiyo Yenye Thamani?

Ndugu mtahiniwa, bila shaka umewahi kusikia lalamiko hili, au umelitoa wewe mwenyewe: gemu za siku hizi ni ghali, tena zinakwisha upesi. Tangu ilipotoka PlayStation 5 mwaka 2020, gemu nyingi kubwa zimepanda kutoka dola 60 hadi dola 70 za Marekani. Ukiimaliza gemu hiyo kwa saa 10, kila saa imekugharimu dola 7. Ikidumu saa 70, kila saa ni dola 1 tu. Kwa hesabu hiyo, ndefu ndiyo yenye nafuu. Mimi nasema hesabu hiyo haitoshi.

Kwanza, tazama anayelipa na namna anavyolipa. Huku Kariakoo, wengi wetu hatununui gemu. Tunalipia mechi au muda kibandani. Kwa mnunuzi, saa 70 ni faida. Kwa anayelipa kwa saa, hizo ni saa 70 za kutoa fedha, na huenda asiuone mwisho wa hadithi. Ndiyo maana vibandani mpira ndio unaotawala: mechi huanza, huisha, na aliyefungwa humpisha mwenzake.

Pili, urefu mwingine ni wa kuvutwa tu. Zipo gemu zinazokutuma kazi ileile mara ishirini, kama insha iliyojazwa maneno ili ifike kurasa tatu. Kinyume chake, Journey ya mwaka 2012 humalizika kwa takriban saa 2, na ilisifiwa sana. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Tatu, thamani huonekana katika kurudiwa. Watazame wazee wanaocheza bao: mashimo 32 na kete 64, basi. Ubao ulionunuliwa mara moja huchezwa miaka mingi, wala hakuna anayeuliza una saa ngapi ndani yake.

Hata hivyo, sikuambii upuuze bei, kwani fedha hiyo mara nyingi ni jasho la mzazi. Kabla hujalipa, jiulize: nitalipa mara moja au kila saa? Nikimaliza, nitatamani kurudia? Kumbuka pia kwamba saa zenyewe ni malipo, na hazina chenji. Kwako wewe unayesubiri mtihani wa kidato cha nne, gemu ndefu kuliko zote ndiyo ghali kuliko zote.